Kioski Namba Nne

Mwenyekiti Jonah alifika asubuhi kwenye kambi ya waliopoteza makazi, karatasi zake amezifunga ndani ya gazeti zisipate vumbi. Ilikuwa Februari 2008. Majuma mawili yalikuwa yamepita tangu vijana wa mtaa wao wa Kihoto, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wamfukuze Awuor, mweka hazina wa chama chao cha maji, na kuichoma nyumba yake. Siku hiyo Jonah alijifungia ndani.

Sasa alihitaji saini ya Awuor. Mfuko wa uwekezaji wa ng'ambo ulikuwa umekubali kugharamia pampu ya sola, tangi na kioski sita za kuuzia maji, nao urejeshewe pole pole kwa kila mtungi utakaouzwa. Sharti ni saini za viongozi watatu kufikia Ijumaa. Leo Alhamisi. Zikikosekana, pesa zinakwenda nchi nyingine, na Kihoto inabaki na visima ambavyo maji yake huchanganyika na ya vyoo kila mara ziwa la jirani linapofurika.

Awuor alikuwa akifua.

"Karibu, mwenyekiti. Viti vyangu unajua vilikoenda."

Jonah akakohoa. "Ni kusaini tu, mama. Hapo chini."

Awuor alikausha mikono, akakunjua mchoro mapajani. Ni yeye aliyeipima njia ya bomba kwa kamba, kisha akatoa kipande cha ploti yake bure.

"Kioski namba nne ilikuwa mlangoni kwangu. Hapa naiona kwako."

"Injinia alisema haiwezi kukaa pasipo na mtu."

"Na nani alimwambia hapana mtu?"

Jonah alitazama povu likipasuka kwenye karai.

"Jina langu mnalitaka," Awuor alisema, akimrudishia karatasi. "Mwenyewe hamnitaki. Nenda salama, mzee."

Nje ya lango Jonah aliketi juu ya jiwe. Saini ya Awuor aliijua. Miaka minne walisaini hundi pamoja. Ule mkia wa mwisho angeweza kuuchora amefumba macho. Alifungua kalamu, akaitazama nafasi iliyoachwa wazi. Akaifunga.

Simu ikalia. Alikuwa Nimesh, wakala wa mfuko, akipiga kutoka Nakuru.

"Mzee, ziko tayari? Gari la Nairobi linaondoka saa nane."

"Mchoro una kosa. Lazima urekebishwe kwanza."

"Sasa hivi? Mzee, Ijumaa itatupita! Wenye pesa nitawaambia nini?"

Jonah aliinuka jiweni.

"Waambie kioski namba nne niliihamisha mimi."