Mjomba Alijibu

Ningemwachaje aende peke yake? Nishanthan ni mtoto wa dada yangu. Siku anatobolewa masikio kule Jaffna ni mimi niliyempakata, kwa sababu kwetu Watamili hiyo ni kazi ya mjomba. Basi alipoitwa kwenye baraza la rufaa hapa Sydney, aeleze kwa nini asirudishwe Sri Lanka, nilivaa suti nikakaa ubavuni pake. Walipomuuliza askari wa Sri Lanka walimfanya nini walipomfungia kambini kwao, akasema alipigwa makofi kidogo. Wakamnyima viza ya hifadhi. Nilimsema njia nzima: makofi gani hayo, hata shuleni tulipigwa zaidi.

Jana tulikuwa mbele ya jaji, nafasi yake ya mwisho. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Wakili wake, binti mpole aitwaye Imogen, akaeleza kwamba kambini kijana huyu alifanyiwa yale ambayo mwanamume hawezi kuyatamka mbele ya mjomba wake. Na mimi ndiye niliyejigamba mtaa mzima kwamba namjua ndani na nje.

Jaji akasema mahakama haipokei habari mpya, inaangalia tu kama baraza lilimtendea haki. Na si aliulizwa kama anataka mjomba atoke nje?

"Aliulizwa, mheshimiwa," wakili akasema. "Aliyejibu ni mjomba."

Nikakumbuka. Nilicheka hata, nikamwambia yule mama wa baraza kwamba mimi na huyu hatufichani kitu. Mdomo wangu huu!

Jaji akamgeukia Nishanthan, akamuuliza kupitia kwa mkalimani: siku ile, yeye mwenyewe alitaka nini? Kesi yote ikabaki hapo. Aseme tu kwamba alitaka nitoke, ionekane baraza halikumtendea haki. Nikainuka upesi nimwachie nafasi, goti likagonga benchi, nikaelekea mlangoni bila kumtazama. Sema, mwanangu. Niaibishe.

"Mjomba alijibu sawa," nikamsikia nyuma yangu. "Hata mimi ningejibu hivyo hivyo."

Rufaa ikatupwa kabla ya chakula cha mchana. Alinikuta nje nimekaa kwenye ngazi. Akaninyooshea tai, akaniuliza kama nimeshakunywa dawa yangu ya presha.