Njia ya Mawe ya Kwenda Ofisini

Asubuhi Wubalem alilikung'uta gabi lake mlangoni, lile shuka zito la pamba alilofumiwa na bibi yake, mawe yakadondokea ndooni. Mengi yalikuwa madogo kama maharage, machache kama mayai. Kisha akapiga mswaki, akaenda darasani.

Mawe yalianza juma lile Surafel, kiongozi wa darasa lao, alipochukua picha ambayo Wubalem alipigwa kwenye ubatizo wa mdogo wake, akakata kichwa cha Wubalem, akakibandika kwenye mwili wa mwanamke aliye uchi na kuirusha kwenye kundi la darasa simuni. Kosa la Wubalem lilikuwa kukataa kumwandikia ripoti ya maabara. Kila mara mtu alipoandika neno chini ya picha ile, jiwe lilianguka kitandani kwa Wubalem. Neno fupi lilileta kokoto. Sauti iliyorekodiwa ilileta jiwe la kuvunja kidole. Kila jiwe lilikuwa na jina la mwenye maneno, limechongwa vizuri kama la kaburini. Wasichana wa bweni walilalamikia kelele tu.

Mchana, bwaloni, wenzake aliokuwa akila nao sinia moja walihamia meza nyingine. Etagegn, wa kitanda cha jirani, akaja na chai yake akaketi. Alimega injera, ule mkate laini kama chapati, akaichovya kwenye mchuzi wa shiro, akaikunja taratibu na kuipeleka hadi mdomoni kwa mwenzake.

"Fungua mdomo, mrembo wangu. Mkono unachoka."

"Watakuona."

"Ndiyo maana nimekaa katikati. Fungua."

Kwao mtu halishwi tonge moja akaachwa, kwa hiyo Etagegn alimlisha na la pili. Kesho yake ndoo zilikuwa mbili.

Walizibeba hadi kwa Ato Demissew, bwana mlezi wa wanafunzi. Aliwakaribisha viti. Aliokota jiwe la juu, akalisoma jina la Surafel, akalirudisha ndooni jina likiwa chini. Alieleza kwamba chuo hushughulikia yanayotendeka ndani ya uzio, na mambo ya simu yako nje ya uzio.

"Yanaangukia kitandani, Ato Demissew," Wubalem alisema. "Kitanda ni cha chuo."

"Binti yangu, hao ni vijana, wanatania. Zima simu, yataacha."

"Nilishaizima."

Alimshauri basi aende nyumbani apumzike mwaka mmoja, arudi watu wakiwa wamesahau. Etagegn aliuliza kama Surafel naye atapumzika. Ato Demissew alisema Surafel hawezi, ana mitihani.

"Mimi pia nina mitihani," Wubalem alisema.

Hakwenda nyumbani. Mawe yalizidi hadi mguu wa kitanda ukavunjika, na hapo chuo kikachukua hatua: kilileta toroli. Mvua zilikuwa zinakaribia, njia ya kwenda ofisini ilikuwa matope matupu, na mawe sasa yalipatikana bure. Kamati ya kujenga njia iliundwa, Surafel akawa mwenyekiti. Mafundi waliagizwa kulaza majina upande wa chini. Siku ya uzinduzi mkuu wa chuo alisifu moyo wa kujitolea wa wanafunzi, Surafel akapewa cheti. Wubalem na Etagegn walisimama nyuma. Etagegn alikuwa na malengelenge viganjani kwa kubeba ndoo, lakini alimshika mwenzake mkono muda wote.

Mvua ilipoanza, Wubalem alipita njia ile kwenda kuchukua namba yake ya mtihani. Aliyajua mawe yote. Hapa Surafel, hapa Surafel tena, hapa msichana aliyewahi kumwazima kalamu. Viatu vyake havikulowa.

Ato Demissew alimsimamisha mlangoni, uso umejaa furaha.

"Binti yangu, njia imependeza kweli. Zimebaki ngazi. Hayawezi kuja makubwa kidogo?"

"Hayo muulize Surafel."

Ato Demissew aliona huo ni ushauri mzuri. Akamwita Surafel ofisini, akamwomba kwa adabu.

Asubuhi ya mtihani yalikuja makubwa. Etagegn alishika upande mzito, Wubalem mwingine, wakayatoa moja moja mlangoni, toroli likisubiri. Halafu wakanawa mikono, wakawahi kuingia kwenye mtihani.