Ghala la Kiganjo Limekula Tena

"Imekula tena, maitu."

Ngendo alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesema mvua imeacha, na hilo ndilo lililomtia mama yake, Gladwell, hofu. Mara ya kwanza binti alilia. Mara ya pili alivunja kikombe. Hii ya nne alikaa tu mbele ya laptopu, mikono mapajani, chai ikifanya utando.

"Yote?" Gladwell akauliza.

"Ya wiki nzima."

Gladwell aliishia darasa la saba, lakini kazi hii ilikuwa imekaa mezani pake mwaka mzima, akawa ameielewa vya kutosha. Ngendo na mwenzake Kobia walikuwa wakiandikia chama cha wafugaji programu ya kujua ng'ombe gani amepandishwa lini na kwa mbegu ya fahali yupi, mtamba asije akapewa baba yake. Ngendo aliandikia hapa Gatitu, Kobia aliandikia Wang'uru, na kila mmoja alipeleka sehemu yake kwenye ghala. Si ghala la mahindi. Ni mashine kuukuu ofisini kwa bosi wao Gicheru, kule Kiganjo, iliyotakiwa kukumbuka nani ameandika nini na lini. Gicheru aliiunda mwenyewe, akaipenda kama mtoto wa uzeeni. Stima ikipotea, inalala. Mtandao ukilegea, inakataa kazi. Na kila asubuhi iliteremsha kile ilicho nacho juu ya kazi iliyo kwenye laptopu ya Ngendo, kwa hivyo kilichopotea huko kilipotea na huku. Nakala za pembeni Gicheru alizikataza. Ati zinachanganya watu.

Leo ilikuwa Jumamosi, na juu ya kabati kulikuwa na barua ya Gicheru kwa Ngendo. Rekodi za ghala, barua ilisema, zinaonyesha hujaandika chochote kwa wiki tatu. Fika Jumatatu ujieleze. Ajieleze vipi? Aseme mashine ya bosi ni mwongo? Kibarua kilikuwa kimeshaanza kuota nyasi.

"Mimi nimekuona ukiandika," Gladwell alisema. "Naweza kwenda niseme."

"Maitu, huko hawataki shahidi. Wanataka rekodi."

Hata hivyo akavuta laptopu, akaandika upya kipande kidogo, ukurasa mmoja tu, akaupeleka ghalani. Ndipo Kobia akabisha mlango. Gicheru alikuwa amemtuma aje wamalizie pamoja, naye alikuwa amebeba mfuko wa pishori.

"Mama, nimekuletea mchele wa kweli. Huo wenu wa Nyeri ni wa kulisha kuku."

"Na nyinyi Wameru mlianza lini kulima mchele? Keti ule, uache matusi."

Gladwell aliombea chakula, akaombea na mashine ya Kiganjo, maana alishawahi kuombea vitu vya ajabu zaidi. Kobia akasema amina kubwa kuliko wote. Ngendo hakumaliza sahani yake. Alitoka kwenda mferejini kunawa uso.

Kobia naye akafungua laptopu yake apeleke alichoandika jana. Gladwell alikuwa akiondoa vyombo. Miaka kumi na moja ya ujane ilikuwa imemfunza kutazama watu bila kuonekana akiwatazama: mafundi, madalali wa kahawa, mashemeji. Akaona maandishi mekundu. Kobia akafyonya, akajaribu tena. Mekundu tena. Akaongeza neno moja, akagonga, na pakawa kijani.

"Hiyo si ilikuwa imekataa?"

"Ilikataa. Hiyo mashine ni punda, mama. Lazima uisukume."

"Umeisukuma aje?"

"Iko na njia ya kulazimishwa. Unaiambia, shika hii yangu, wachana na zingine."

"Na ilikuwa inakataa kwa nini?"

"Husema ati kuna kitu huko ndani mimi sina. Lakini husema uongo, hata siku..."

Gladwell akaweka sahani chini.

"Hicho kitu huna, si ni cha Ngendo?"

Kutoka nje ilisikika sauti ya maji ya mfereji.

"Umeilazimisha mara ngapi, Kobia?"

"Tangu Agosti. Kila ikikataa." Alishusha sauti. "Mama, mara tisa kati ya kumi hukataa bure. Nikaacha kuisoma."

"Na barua ya Ngendo ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na hukufikiria?"

"Nilifikiria kidogo, wiki jana. Nikaogopa kufikiria zaidi."

"Mpigie Gicheru."

"Nitamwambia Jumatatu, uso kwa uso."

"Jumatatu utakuwa umepata maneno mengine. Piga nikiwa nimesimama hapa."

Akapiga, sauti ikitoka nje wote wasikie. Ngendo aliingia uso ukidondoka maji, akayasikia yote kutoka mlangoni.

"Kwa hivyo mashine yangu haina makosa," Gicheru akasema.

"Iko nayo, bosi. Haikufaa inikubalie."

"Sawa. Ile barua nimeifuta. Lakini wafugaji wanakuja Jumanne. Ngendo aanze sasa hivi."

Gladwell alimtazama binti yake akitarajia furaha, au basi matusi. Ngendo alimuuliza Kobia neno moja tu.

"Hata ukurasa wa leo?"

"Hata huo."

Akacheka bila sauti, akaingia chumbani, akajilaza na viatu vyake. Alilala kabla mama yake hajamfunika.

"Nimwandikie sehemu yake?" Kobia akanong'ona.

"Unaijua?"

"Hapana."

"Basi menya viazi."

Wakamenya. Kobia alimenya vibaya, maganda manene, na Gladwell hakumsahihisha. Saa tisa simu ya Kobia ikalia. Gicheru alitaka kujua kama Ngendo ameanza. Kobia akamtazama Gladwell, naye akapangusa mikono kwenye leso, akaichukua simu.

"Amelala."

"Mama, tafadhali mwamshe. Tuko na siku mbili."

"Moja," Gladwell alisema. "Kesho ni kanisa. Na sasa amelala, Bwana Gicheru."

Akailaza simu mezani kifudifudi, akachukua kiazi kingine.