Aliyempeleka Binti Yao

Wenzake walimwita Bwana Saa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwachukua wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka hoteli za ufukweni, na hakuwahi kuchelewa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na gari lake lilikuwa safi muda wote. Alhamisi ile asubuhi dada wa ofisini, mpangaji wa safari, hakumpigia simu. Alishuka mwenyewe hadi pale alipokuwa akifuta vioo.

"Kaka, kuna wazazi wawili wanatua saa nne. Wanakwenda kule kwenye hoteli ya mwisho wa barabara."

"Likizo?"

"Likizo wapi! Binti yao alizama juzi. Wanakwenda kumchukua. Wameomba dereva yule yule aliyempeleka, na daftari linasema ni wewe. Jumamosi, saa nane mchana."

Bwana Saa aliacha kufuta. Jumamosi ile alikuwa amekwenda na kurudi mara tatu. Alijaribu kumtafuta kichwani msichana aliyesafiri peke yake, akapata kofia, miwani ya jua, mabegi ya magurudumu, na nyuso zilizochanganyikana kama nguo kwenye beseni moja.

"Mbona simkumbuki?"

"Usithubutu kuwaambia hivyo," dada alisema. "Watu wamefiwa."

Saa nne alisimama kwenye mlango wa abiria na kibao chenye jina lao. Mzee alitangulia, koti limefungwa vifungo vyote joto lote lile. Mama alifuata na kasanduku kadogo.

"Poleni na safari," alisema, kama anavyowaambia wote. Kisha akajirekebisha. "Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa, baba," mama alijibu kwa mazoea, na ungemtazama ungejua hakijapoa kitu. Walipofika garini alikataa kasanduku kawekwe nyuma. "Ni gauni lake hili. Nitalipakata mwenyewe. Yeye alikaa wapi?"

Hakuna aliyemlazimisha Bwana Saa kujibu. Mkono ulijiendea wenyewe, ukafungua mlango wa mbele. "Hapa, mama."

Mama alikipapasa kiti kwa kiganja kabla ya kukaa. Mzee aliketi nyuma peke yake, uso dirishani.

Walipotoka mjini maswali yakaanza. Alikuwaje? Mchangamfu, mama. Aliuliza nini? Aliuliza kama bado ni mbali. Alikula chochote? Bwana Saa alisema alikula biskuti, akamkaribisha na yeye.

"Ndiye huyo!" mama alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Tangu mdogo, biskuti ndiyo chakula chake. Nilikuwa nazificha juu ya kabati."

Uongo mmoja ulivuta mwingine, na ulitoka kwa urahisi hata Bwana Saa akaanza kuona anatenda wema. Kisha mama akashusha sauti.

"Alimtaja baba yake?"

Kwenye kioo, dereva alimwona mzee akiacha kutazama nje.

"Mwaka wa pili huu hawasemeshani," mama aliendelea. "Aliacha chuo, baba yake akamwambia asikanyage tena kwake. Nikasema labda… Mtu akiwa safarini husema ya moyoni."

Jibu lilikuwa ulimini. Ndiyo, mama, alimtaja, alisema amemkumbuka. Bwana Saa aliliuma jibu hilo kwa kilomita nzima, kisha akasogeza gari pembeni na kusimama.

"Mama, mzee, nisameheni. Simkumbuki binti yenu. Siku ile nilibeba watu wengi. Ya biskuti nimeyatunga. Hata alipokaa sipajui."

Lori lilipita, gari likatikisika. Mama hakulia. Alishuka na kasanduku kake, akahamia nyuma.

"Umenipa mwanangu nusu saa," alisema, "halafu umeninyang'anya. Haya, twende."

Gari likarudi barabarani. Mzee ndiye aliyekuja kusema, polepole, "Ungelijibu na lile la mwisho, ningekuamini." Bwana Saa hakujua kama ameshukuriwa au amelaumiwa.

Marehemu alikuwa hospitali ndogo jirani na hoteli. Mhudumu wa chumba cha maiti alitaka watu wawili wa kumtambua. Mzee aliinuka kwenye benchi, akautazama mlango. Akaketi tena, akajifunika uso kwa mikono.

"Njoo wewe," mama alimwambia dereva.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya dawa. Mhudumu alifunua shuka hadi mabegani. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye kovu dogo kwenye kidevu. Bwana Saa alimtazama kwa makini kuliko alivyowahi kumtazama abiria yeyote.

"Umemkumbuka?" mama aliuliza.

Alitikisa kichwa. "Hapana, mama."

"Basi mtazame sasa." Akaanza kukunjua gauni. "Hilo kovu alilipata kwenye ngazi za kwetu. Baba yake ndiye aliyembeba mbio hadi kwa daktari, miguu mitupu."

Walimvalisha wakiwa watatu.

Karatasi zilipokamilika, jeneza lilipakiwa kwenye gari la hospitali, na Bwana Saa akalifuata nyuma na wazazi wa marehemu. Njiani mama alimweleza mumewe habari za lile kovu, kana kwamba hakuwapo siku ile. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akalia kwa sauti, na mama akamwacha alie.

Uwanjani waliagana kwa kushikana mikono tu. Hawajafika hata mlangoni, simu ya Bwana Saa ikalia.

"Kaka, maharusi wanatua saa kumi na moja," alisema dada wa ofisini. "Utawaweza?"

"Mpe mwingine."

"Unaumwa?"

"Mpe mwingine, dada," alisema, akakata simu. Mbele yake familia moja ilikuwa ikipakia maboya ya kuogelea kwenye gari la mwenzake, watoto wakigombea kukaa mbele.