Sahani ya Mgonjwa

Njaa ya mchana ina aibu yake. Inakukuta kazini, watu wapo, unaitishia kwa glasi ya maji nayo inajikalia pembeni. Njaa ya usiku wa manane haijui hodi. Inakuja mmeshazima taa, inakukalia kifuani na kukuuliza mmebakiza nini kwenye sufuria. Asiyewahi kujaribu kupunguza mwili atasema ni uroho tu. Mwacheni aseme, hajalala na tumbo la Bonge.

Bonge alikuwa fundi wa makochi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, wala si kwa ubaya: kochi likishavalishwa kitambaa, yeye ndiye aliyeitwa kulikalia, na likimstahimili linapelekwa kwa mteja. Alicheka nao miaka yote. Mwili wake haukuwahi kumkosesha usingizi, mpaka figo za mdogo wake wa kike zilipoacha kufanya kazi.

Waliishi wote pamoja na mama yao, nyumba yenye jiko mwishoni mwa korido. Binti alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, anarudi jioni amechakaa, hata kandambili zinamshinda kuvua. Bonge alipopimwa, figo yake ikaonekana inamfaa. Walikumbatiana palepale kwenye benchi, wote watatu. Kisha daktari akamwita Bonge ndani, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia kwa upole, "Kwa uzito huu siwezi kukupasua, kaka. Nitamponya yeye nikuue wewe. Punguza kilo kumi, halafu uje." Alipokuwa akimsindikiza mlangoni aliongeza kwamba mgonjwa asisubirishwe sana, maana mwili wake unachoka.

Basi Bonge akafunga mkanda. Soda akaziaga, mikate akaiaga, mchana kutwa akawa anapigilia misumari kwa maji na kipande cha tango. Wenzake wakikaa kula, yeye anajifanya ana kochi la haraka. Na hapo ndipo alipojikoroga mwenyewe, kwa sababu tumbo lililonyimwa mchana kutwa lilikuja kudai haki yake usiku.

Sasa, jikoni kulikuwa na sahani. Mama yao hakuwahi kulala bila kumwekea chakula mtu aliyechelewa au aliyeshindwa kula, ndivyo alivyokuwa tangu wakiwa wadogo. Siku hizi sahani ilikuwa ya mgonjwa: wali, kuku na mboga, imefunikwa kwa sahani nyingine, pengine atashtuka usiku atamani. Chakula hicho kilipikwa kwenye sufuria yake peke yake, bila hata punje ya chumvi, kama hospitali ilivyoagiza. Mgonjwa hakushtuka wala hakutamani. Usiku mmoja Bonge alinyata korido nzima, akafunua, akala amesimama gizani. Hakikuwa na ladha yoyote, na bado alilamba kijiko.

Asubuhi aliamka na uso wa mwizi. Maneno ya kuomba msamaha alikuwa ameshayapanga mdomoni. Akamkuta mama jikoni ameshika ile sahani tupu, anatabasamu.

"Mdogo wako amekula," mama akamwambia. "Amekula yote."

Wewe ungekuwa na roho ya kumwambia hapana, ni mimi? Bonge hakuwa nayo. Alikwenda chumbani kwa mdogo wake akamweleza kwa kunong'ona, na binti akacheka mpaka akakohoa.

"Endelea kula, kaka. Mama akiikuta imejaa atalia siku nzima, na mimi sina nguvu za kumbembeleza."

"Na kilo zangu?"

"Kula kidogo, nyingine mwaga."

Ushauri mzuri, ila aliyeutoa hakuwa na njaa. Bonge alijaribu, Mungu ni shahidi. Alisimama na sahani juu ya pipa la taka, akapiga moyo konde, na akajikuta anatafuna. Siku ya kupanda mizani hospitali, muuguzi aliitazama mara mbili, akamwambia jitahidi, baba. Kilo moja tu ilikuwa imetoka. Mdogo wake, aliyekaa pembeni na bandeji mkononi, aligeukia ukutani, na Bonge akatamani ardhi ipasuke immeze.

Usiku ule aliapa kwamba hataamka. Akanywa maji, akalala chali, akalala kifudifudi, akajikaza kisabuni. Wapi. Miguu ilimpeleka yenyewe.

Kijiko cha kwanza kikamsimamisha. Chakula kilikuwa na chumvi. Akaonja tena. Chumvi ya kutosha, kitunguu kimekaangwa vizuri, mapaja mawili ya kuku, sahani imejazwa kama ya mtu aliyeshinda akipigilia misumari. Mama hakuthubutu hata kuliweka kopo la chumvi karibu na sufuria ya mgonjwa. Chakula hiki alipikiwa yeye. Bonge aliweka kijiko chini, akawasha taa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga shuka.

"Mbona huli?" akauliza.

"Mama, ulijua lini kwamba ni mimi?"

"Siku ya pili. Mgonjwa wangu hana nguvu za kulamba sahani namna ile."

"Ukaendelea kuniwekea. Tena ukaongeza."

Mama akavuta kigoda akakaa.

"Unajua daktari anasubiri nini," Bonge akasema. "Unajua mwenzetu anakwisha."

"Najua."

"Sasa mbona unanifanyia hivi?"

"Nina watoto wawili," mama akasema. "Mmoja mgonjwa. Mwingine mzima, namsikia akikoroma ng'ambo ya ukuta nashukuru. Mnataka niwapeleke wote wawili kwenye kisu siku moja. Nikiona hupungui, nasema afadhali, bado nina mmoja mzima. Halafu namsikia yule anatapika, najichukia. Nikikupakulia najichukia, nisipokupakulia naogopa. Ndivyo ninavyolala, baba."

Hasira zilimpanda Bonge, tusifichane. Alitaka kumwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Lakini taa ilikuwa inawaka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama vizuri. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza juu ya shuka. Nyumba nzima ilikuwa inachunga mwili wa Bonge na damu ya binti, na huyu hakuna aliyemtazama.

"Wewe umekula lini, mama?"

"Nitakula."

"Umekula lini?"

Mama akajifuta macho. "Siwezi kumeza na yule hawezi."

Bonge akajishusha sakafuni, karibu na miguu yake.

"Mimi naogopa kuliko wewe," akasema. "Nikiamka usiku si njaa tu, ni hiyo hofu. Lakini usiponiacha nikonde, mama, utabaki na mimi na mimi nitabaki na wewe, na kila tukitazamana tutajua tulikula nini."

Mama alilia kimya, bila kujificha. Alipotulia, Bonge aliivuta ile sahani, akamwekea magotini na kumpa kijiko.

Alikula polepole. Harufu ya kuku ilijaa jikoni, na tumbo la Bonge likanguruma waziwazi, mpaka mama akasimamisha kijiko na kumtazama.

"Kula tu," Bonge akasema. "Usilisikilize."

Akaendelea. Alipofika katikati aliuliza, bila kuinua uso, "Siku hiyo, wakishawaingiza ndani, nitakaa mlango wa nani?"

Bonge alimshika mguu, akakaa naye hivyo mpaka sahani ilipokwisha.