Kamera Uani kwa Mama

Obedi aliomba kwanza, ndipo akaenda dukani. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika sekondari moja mjini Kasulu, mtu asiyeanza jambo bila kupiga magoti, na jambo hili lilimnyima raha tangu wezi walipopanda juu ya paa la mama yake kule Kibondo, mchana kweupe, mwenye nyumba akiwa kanisani. Waling'oa paneli ya sola, wakabeba na kuku.

Mama yake, Niyonsaba, alikuwa mjane aliyeishi peke yake. Habari ya kuhamia Kasulu hakutaka hata kuisikia. "Niende kukaa kwenye nyumba za kupanga, nimwache baba yako peke yake kwenye migomba?" alijibu kila alipobembelezwa, maana mumewe alizikwa pale pale, nyuma ya nyumba. Basi kama mama hahami, Obedi aliwaza, ulinzi ndio uhamie kwake.

Fundi aliyeuza vifaa vya ulinzi pale mjini aliitwa Nickson, kijana mchangamfu, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa.

"Nilifikiri nimnunulie mbwa," Obedi alianza.

"Mbwa anataka kula, mwalimu. Halafu mwizi akimrushia mfupa tu, wameshakuwa ndugu."

"Waya wa umeme juu ya ua?"

"Kwa mama kuna umeme?"

"Bado haujafika."

"Sasa si utakuwa umemfungia kamba ya kuanikia nguo."

Obedi akacheka, ingawa moyo wake haukuwa kwenye kucheka. Akauliza habari ya king'ora kilichoning'inia ukutani.

"Hicho kinalia hata paka akipita. Mwanzoni majirani watakuja mbio na mapanga. Baadaye watakuja na mapanga hayo hayo kukikata." Nickson akashusha boksi jeupe kutoka rafu ya juu, akalipangusa vumbi kwa kiganja. "Chukua hii. Kamera ya laini ya simu. Ina paneli yake ndogo, haitaki umeme wa mtu. Wewe uko darasani hapa, unamwona mama anapepeta maharage kule Kibondo. Kitu kikipita uani, simu yako inalia."

Obedi aliishika ile kamera mkononi, nyepesi kama kikombe, akaona kama Mungu amemjibu.

Kulikuwa na ulinzi mwingine ambao haukuuzwa dukani, lakini Obedi hakuwahi kuuita ulinzi. Jirani wa mama yake, Mwatumu, alikuwa mama wa Kiislamu wa rika lake, na kati ya nyumba zao mbili palikuwa na ua wa minyaa wenye upenyo ambao wanawake hawa waliupanua kwa kupita miaka yote. Kilimani pale watu huamka wakitazama moshi wa jikoni kwa mwenzao. Moshi usipoonekana, mtu haulizi. Anapita kwenye upenyo, anaingia, anatazama kulikoni. Ndivyo Mwatumu alivyomkuta Niyonsaba na malaria kali mwaka uliotangulia, na ndivyo Niyonsaba alivyomkuta Mwatumu siku alipoteleza kisimani akavunjika mkono. Wezi wa sola walichagua siku ambayo Niyonsaba alikuwa kanisani na Mwatumu yuko shambani, nao walijua.

Nickson mwenyewe alikwenda kuifunga. Aliipigilia chini ya ukingo wa paa, ikitazama uani na getini. Niyonsaba alisimama chini yake, shingo juu, mikono nyuma.

"Hili ni jicho?"

"Ni mimi huyo, mama," Obedi akasema. "Hata nikiwa Kasulu, nakuona."

"Na kusikia?"

"Anasikia mpaka ukikohoa, bibi," Nickson akadakia toka kwenye ngazi. "Na yeye akitaka kukujibu, anakujibu humo humo."

Mama akaguna, akaiamkia kwa kilugha, kama anavyomwamkia mwanawe asubuhi. "Mwakeye, mwana wanje." Sauti ya Obedi ikatoka kwenye kamera ikimwitikia, kwa kuwa alikuwa ameshanyemelea nyuma ya nyumba na simu yake. Mama alicheka hadi akajishika mbavu, akamwita Mwatumu aje kuona.

Sauti ile haikudumu. Walipokuwa njiani kurudi, Nickson alieleza kwamba sauti inakula bando kuliko picha, na kwamba wateja wake wengi huizima. "Mwizi humsikii, mwalimu, unamwona." Obedi akaona ni kweli. Nickson akabonyeza hapa na pale kwenye simu, sauti ikazimwa pande zote mbili. Obedi alikusudia kumwambia mama yake. Kila alipompigia kulikuwa na mazungumzo mengine, na mama alikuwa na furaha sana na jicho lake, na neno lile likawa linasogea mbele siku hadi siku.

Kilichomsumbua Obedi kilikuwa kitu kingine. Simu ililia kila Mwatumu alipopita. Ililia Mwatumu akileta mboga, ililia akichukua kijinga cha moto, ililia akija kukaa tu. Darasani wanafunzi walianza kuguna kila simu ilipotetema mezani. Nickson alimwambia kamera haimjui jirani wala mwizi, yenyewe inajua kilichopita. Basi Obedi alikwenda Kibondo wakati wa likizo, akaziba upenyo wa minyaa kwa mabati, akaweka geti jipya la bati lenye komeo la ndani.

"Mwatumu atapita wapi?" mama akauliza.

"Getini, kama watu wote. Abishe hodi. Na usimfungulie mtu usiyemtarajia mpaka mimi niseme. Hata akikuambia nimemtuma mimi, usifungue. Wezi wa siku hizi wanajua majina yetu."

Mwatumu alisikia yote kutoka upande wake wa mabati. "Sawa, mwalimu," alisema. "Mama yako amepata jicho la Kasulu. Hili langu la hapa limezeeka."

Alisema kwa kutania, na Obedi akajibu kwa kutania. Lakini toka siku hiyo simu ilitulia.

Ikatulia vizuri. Asubuhi, akinywa chai, Obedi aliifungua na kumwona mama yake amesimama chini ya kamera, kitambaa kichwani, macho yamefumbwa, midomo ikicheza. Alijua anasali. Aliinamisha kichwa juu ya kikombe, akasema amina pamoja naye, akatia simu mfukoni na kwenda kazini akiwa amefarijika.

Siku yenyewe ilikuwa ya mtihani, na simu za walimu zilibaki kwenye droo ofisini. Mapumziko yalipofika Obedi alikuta kamera imemwita mara nyingi. Akafungua.

Mama yake alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea ngazi ya baraza, uso umeelekea kwake. Alikuwa anazungumza. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza daktari, akinyoosha kidole kwenye rundo la kuni kisha kwenye mguu wake. Aliuinua mguu kwa mikono miwili ili Obedi auone. Chini ya goti alikuwa ameufunga kwa ukanda wa kitenge, na kifundo kilikuwa kimevimba kama kiazi. Obedi akajua ni nyoka. Akamaliza kusema, akanyamaza, akaitazama kamera. Alikuwa anangoja jibu.

Hakupiga yowe. Kwa nini apige yowe, naye amekwisha kumwambia mwanawe?

Obedi alipiga simu ya mama. Ilikuwa imezimwa. Paneli mpya ililisha kamera peke yake, na simu ilichajiwa kwa Mwatumu, ambako siku hizi safari yake ilikuwa ya kuzunguka. Akampigia Mwatumu.

"Mama mdogo, kimbia kwa mama. Ameumwa na nyoka, yuko uani."

"Ya Rabi. Na mimi nimeona moshi, nikasema yuko salama."

Kwenye kioo Obedi aliona geti likitikisika. Mama yake akageuza kichwa kutazama geti, kisha akaitazama kamera, akasema kitu kifupi. Hata bila sauti Obedi alijua anachouliza. Anauliza kama afungue.

"Fungua, mama," Obedi akasema. Walimu wenzake wakageuka. "Fungua, ni Mwatumu."

Alibonyeza alipoona Nickson akibonyeza siku ile. Kioo kikamletea maneno asiyoyaelewa, akarudi nyuma, akapotea, akaipata tena picha. Mama alikuwa bado anangoja.

"Anasema unajua," Mwatumu akamwambia kwenye simu, akihema. "Anasema anangoja wewe useme. Sema basi, mwanangu."

"Hanisikii, mama mdogo."

"Si ni wewe kwenye lile jicho?"

"Mimi namwona. Hanisikii. Mwambie nimesema afungue."

Mwatumu akapaza sauti. Niyonsaba akasikiliza, akaitazama tena kamera, akatikisa kichwa polepole. Alikuwa mtiifu. Ameambiwa asifungue hata kama mtu anasema katumwa.

"Weka simu kwenye bati, niseme naye mwenyewe."

Mwatumu akaweka. Obedi akaita kwa nguvu zake zote, mpaka mwangwi ukarudi kutoka kwenye kuta za ofisi. Uani kule mama, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri tena, alisikia sauti ya mwanamume nyuma ya geti. Akaogopa. Akajivuta kwa viganja, mguu ukiburuta nyuma, akasogea mbali na geti, karibu zaidi na kamera, karibu na mwanawe. Obedi aliiona hofu ile kwa ukaribu, kila mkunjo wa uso, maana kamera ilikuwa nzuri.

"Vunjeni," alisema. "Mama mdogo, ita watu mvunje."

"Naita. Wanaume wote wako msibani ng'ambo ya pili, mwanangu. Naita."

Hapo picha ikasimama. Mkono wa mama umeinuliwa, mdomo umefunguka nusu, na katikati ya uso wake kiduara kidogo kinazunguka bila kufika popote. Bando lilikuwa limekwisha.

Safari ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo Obedi aliisafiri akiwa ameinamisha kichwa. Alijaribu kuomba, na mwanzo maneno hayakuja. Alitaka kumwambia Mungu mama yake yuko wapi, akaona ni upuuzi. Alitaka kuahidi jambo, akakosa la kuahidi. Gari lilipopita Makere alibaki akisema, "Bwana, msikie. Msikie tu," na hilo akalishika hadi mwisho wa njia.

Alimkuta wodini jioni. Waliotoka msibani waling'oa mabati ya upenyo kwa majembe, wakambeba kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili. Mguu wake ulikuwa juu ya mto, umevimba hadi pajani, ngozi inang'aa. Daktari alisema dawa ameshapewa, lakini amechelewa kufikishwa. Kuhusu mguu, na kuhusu mengine, hakuahidi kitu. Tungoje, alisema.

Mama alifumbua macho.

"Umekuja," akasema. "Nilikueleza yote. Nyoka alikuwa kwenye kuni. Nikakuuliza nifunge wapi, hukunijibu. Nikakuuliza nifungue, hukunijibu. Nikasema labda kuna mkubwa wako amekukataza."

"Mama, sikuwa nakusikia."

"Leo?"

Angeweza kusema ndiyo, leo. Neno lilifika ulimini. Akalimeza.

"Tangu mwanzo, mama. Sauti ilizimwa siku ile ile. Nilikuwa nakuona tu."

Niyonsaba alivuta shuka hadi kifuani. Mtu wa kitanda cha pili alikohoa, na muuguzi akapita na sinia la vyuma.

"Basi kila asubuhi," akasema, "tunaposali. Mimi nasema, nanyamaza, nakungoja na wewe useme zamu yako. Nahesabu ya kukutosha, ndipo nasema amina. Nilikuwa nasali na nani?"

Obedi aliinamia ukingo wa kitanda. Alikuwa mtu wa ibada, amesimama mbele ya makanisa, na majibu ya swali kama hilo aliyajua yote. Hakuona kwamba lilikuwa lake kulitoa hata moja.

Mama akageuza uso taratibu kuelekea mlango.

"Mwatumu yuko nje?"

"Yuko nje."

"Mwambie aingie akae hapa."

Muuguzi alisema sheria ya wodi ni mtu mmoja kwa mgonjwa. Obedi akatoka. Mwatumu, aliyekuwa ameketi sakafuni ukumbini, kanga yake bado ina udongo, akainuka, akamgusa bega, akaingia. Kupitia kioo kidogo cha mlango Obedi alimwona akivuta kiti hadi kitandani, akiushika mkono wa mama yake, na wote wawili wakianza kusema. Midomo ilicheza. Alisimama pale akiwatazama, wala hakujua wanasema nini.