Bunduki Iliyokwama Majini

Royce aliipenda bunduki ya marisau inayong'aa, ya kujijaza yenyewe, na muuzaji wa dukani akamruhusu aijaribu kwanza. Mkewe, Darlene, alitaka ile nyeusi ya kawaida.

Asubuhi iliyofuata walikwenda kuwinda, wakasimama kwenye maji ya barafu yaliyowafika mapajani, katikati ya miti ya Arkansas, Marekani. Bata mwitu wakashuka. Royce akapiga risasi moja. Ya pili ikakwama.

"Takataka gani hii!" Akaigonga kwa kiganja, na kwa hasira akageuka. Mtutu ukamwelekea Darlene tumboni.

Darlene hakupiga kelele. "Royce, mpenzi, mtutu juu. Juu, taratibu."

Akauinua. Bunduki ikalia palepale, vijiti vya matawi vikawadondokea kichwani. Royce akazitoa risasi zilizobaki haraka.

Mchana walirudi dukani. Darlene alivaa glavu zake nene za kuwindia, akaijaza ile nyeusi risasi za bandia, akazitoa, akarudia tena na tena. Haikukwama.

"Vipi Royce, ile yako inayong'aa kama ya kwendea harusini huitaki tena?" muuzaji akamtania.

Royce hakucheka. "Mpe mke wangu aliyoichagua," akasema.